Vitabu vya Mgeni na Mbegu za Tikiti

Wewe uliyekaa hapo mbele, unayetikisa kichwa kabla sijasema neno: kitabu cha mwisho ulichofungua bila kusukumwa na mtihani kilikuwa kipi?

Usijibu. Nani kakwambia ujibu? Wote hapa tumelisahau jina, tunakumbuka rangi ya jalada tu. Itikieni, tuanze.

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mlango?

— Una kufuli!

Kufuli lina ufunguo?

— Linao!

Ufunguo uko wapi?

— Shingoni mwa mwenye shibe!

Haya. Zamani, lakini si zamani sana, maana makufuli yalikwishakuwapo, palikuwa na shule ya sekondari bondeni, kando ya mto. Mkuu wa shule hiyo alikuwa Kiboko. Hakuna aliyekumbuka kumteua. Alikuja siku moja akaketi kwenye kiti cha mkuu, kiti kikavunjika, akaletewa kingine kikubwa zaidi, na tangu hapo ikachukuliwa kwamba shule imepata mkuu.

Kiboko akitembea, ardhi ilisema ti! ti! ti! Akipiga miayo, kunguru walihama mti. Na alikuwa na msemo mmoja aliouchomeka kila mahali, kwenye salamu, kwenye hotuba, hata akipiga chafya: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nyuma ya shule kulikuwa na shamba lake la miwa. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi akifaulu mtihani wa mwisho, alikwenda zake. Akifeli, alipewa jembe. Kila mwaka walifeli karibu wote, na kila mwaka miwa ilistawi vizuri sana.

Kidato cha nne, dawati la dirishani, alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi: kanyama ka mwambani, kadogo kama mkate wa boflo, hakana mkia, macho mawili yasiyotulia. Kutoka dirishani aliona migongo ya kaka zake ikiinuka na kuinama katikati ya miwa. Hawakuwa wajinga kaka zake. Walinakili kila kilichoandikwa ubaoni, wakakikariri chote, pamoja na vumbi la chaki. Siku ya mtihani swali likaulizwa kwa maneno mengine kidogo tu, wakalitazama kama ng'ombe anavyotazama gari moshi. Wakapewa majembe.

Miezi mitatu mbele ilikuwa zamu ya Pimbi.

Sasa, msidhani shule haikuwa na vitabu. Ilikuwa navyo! Vya Biolojia, vya Jiografia, vya Kemia, vya Historia, vya Hesabu, na vya hadithi juu yake, vipya, vinanukia gundi. Lakini nyumbani kwenu si kuna kabati? Na ndani ya kabati si kuna sahani zenye maua na ukingo wa dhahabu? Umewahi kulia ugali kwenye sahani hizo? Ukizigusa si unasikia, "Weka chini, za wageni hizo!" na wewe unaendelea na bakuli lako la plastiki lenye ufa? Basi. Vitabu vya Kiboko vilikuwa sahani za maua. Mgeni akija, vilitolewa stoo, vikapangwa mezani kwa kimo, vikafutwa vumbi. Mgeni akiondoka, vikarudi ndani. Kacha! Kufuli. Na ufunguo shingoni.

Pimbi alikwenda kuviomba.

"Shikamoo, Mkuu. Naomba kitabu cha Biolojia."

"Kitachafuka."

"Naomba cha Jiografia."

"Kitachanika."

"Naomba basi cha Hesabu, nitanawa mikono kwanza."

"Kitazoea," alisema Kiboko. "Leo utataka cha Hesabu, kesho utataka vyote. Asiyesikia la mkuu?"

"Huvunjika guu, Mkuu."

Akawaendea walimu. Mwalimu wa Hesabu alikuwa Nungunungu, mtu wa hasira za karibu, miiba ikisimama kabla hajasikia swali lote. "Kusoma?" alifoka. "Hesabu hazisomwi, binti, hesabu zinafanywa! Kusoma nenda kwa mwalimu wa Kiswahili."

Mwalimu wa Biolojia alikuwa Korongo, mrefu, mguu mmoja juu, daima kama anayengoja basi ambalo halina haraka. "Kusoma," alisema, "ni jambo zuri sana. Nenda kwa mwalimu wa Kiswahili."

Na mwalimu wa Kiswahili alikuwa amepewa kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa mchana, saa ile ambayo hata nzi wanalala.

Mpo?

— Tupo!

Jumamosi moja Pimbi alikuwa mwambani kwao akiota jua, akaona jiwe linatembea. Akatazama vizuri. Halikuwa jiwe. Alikuwa Kobe. Ko... ko... ko...

"Shikamoo, babu."

Kobe akasimama. Kusimama kwake na kutembea kwake havikupishana sana. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Safari ya wapi?"

"Kwa binti yangu, kule mbele ya shule yenu. Amejifungua. Naenda kumtazama mtoto."

"Hongera, babu! Amejifungua lini?"

"Siku kidogo zimepita. Nasikia mtoto sasa anatafuta mchumba."

Pimbi hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshateremka bondeni, yamefika stoo, yanazunguka kufuli.

"Kwa hiyo, babu, utapita shuleni kwetu?"

"Njia si ndiyo hiyo hiyo? Nitapita. Nitapumzika. Nikipewa maji nitakunywa."

"Na utafika lini?"

"Nikifika mtaniona."

Jibu hilo lilimshuka Pimbi kooni kama uji wa moto asubuhi ya baridi. "Babu, ukikuta watoto wanasoma vitabu, utafurahi?"

"Mtoto akisoma nani atanuna?"

"Hata kipindi cha Hesabu?"

"Kwani vitabu vya Hesabu vinasomwa na mchwa?"

"Na vya Biolojia? Na vya Jiografia? Vyote?"

"Vyote, vyote. Mjukuu wangu, unanichelewesha."

Ko... ko... ko...

Jumatatu, kabla kengele haijalia, Pimbi alikuwa mlangoni kwa Mkuu. Na ninyi mnaopenda kusema wanyama wadogo ni waongo, fungueni masikio, mniambie uongo uko wapi.

"Mkuu, kuna mgeni anakuja."

Masikio ya Kiboko yalicheza. Mgeni maana yake ni karamu, na katika karamu zote za shule hiyo hakuna mgeni aliyewahi kula zaidi ya mwenyeji. "Mgeni gani?"

"Anatoka mbali. Ni mtu mzima. Hana haraka, na njiani anatazama kila kitu. Amesema atapita hapa kwetu."

"Amesema anataka nini?"

"Nilimweleza habari za vitabu, akaniuliza kama vya Hesabu vinasomwa na mchwa."

"Kasema hivyo?"

"Kwa kinywa chake. Anapenda akute tunasoma. Masomo yote."

Kiboko akainama hadi pua yake ikagusa meza, meza ikalia. "Mkaguzi," alinong'ona.

"Mimi sijasema mkaguzi, Mkuu."

"Huwezi kujua wewe. Mkaguzi hasemi kwamba ni mkaguzi. Anafika lini?"

"Amesema akifika tutamwona."

"Mungu wangu. Wa kushtukiza!"

Ti! ti! ti! Mkuu akaenda uwanjani, kengele ikagongwa, shule nzima ikapangwa mistari. Vitabu vitolewe stoo! Vigawiwe madarasani, kila mwanafunzi na chake, kila kipindi na kitabu chake! Wazazi waambiwe walete kitu cha kumkirimu mgeni! Kisha akafundisha namna ya kusoma, na nawaambia, hilo ndilo somo pekee alilowahi kufundisha.

"Msifungue mwanzo. Ukifungua mwanzo unaonekana hujafika mbali. Fungueni katikati. Kunjeni uso kidogo, kama mtu mwenye jino bovu. Mkihesabu moyoni hadi mkachoka, geuzeni ukurasa. Atakayecheka, shambani."

Wazazi wakaleta. Wa ng'ambo ya mlima ndio waliokuwa na matikiti, maana bondeni tikiti halikuwahi kuota, hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyejaribu. Wakayabeba vichwani, wakayabingirisha mtelemkoni, makubwa, ya kijani, yenye milia. Yakawekwa wapi? Stoo, palepale palipotolewa vitabu. Vitabu nje, matikiti ndani. Kacha! Na ufunguo shingoni.

Basi wakaanza kujifanya wanasoma.

Kujifanya ni kazi ngumu. Jaribu wewe. Mtu hawezi kukodolea macho ukurasa mmoja asubuhi nzima bila neno moja kumponyoka na kumwingia. Kwanza linaingia neno. Neno linavuta sentensi. Sentensi inauliza, mwenzangu nani? Digidigi, ambaye tangu kidato cha kwanza alikuwa anaogopa hata kivuli cha ubao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusahau kugeuza ukurasa kwa kuhesabu. Aligeuza kwa sababu ulikuwa umekwisha.

Kipindi cha Hesabu, Nungunungu alisimama pembeni, miiba imesimama, anaona aibu kwa niaba ya somo lake. Mara Ngiri akapiga meza, pa!

"Mwalimu! Kumbe mbuzi amefungwa ukutani!"

"Mbuzi gani?"

"Huyu wa siku zote, wa kamba! Swali linasema amefungwa kwa kamba kwenye ukuta wa nyumba, eneo analoweza kula majani lina umbo gani. Mimi miaka yote nilijua yuko katikati ya uwanja!"

"Na kwa nini ulijua yuko katikati ya uwanja?"

"Kwa sababu sijawahi kuliona swali, Mwalimu. Nimeona kanuni tu, ubaoni."

"Basi ni nusu duara," alisema Digidigi kwa sauti ndogo. "Ukuta unamzuia upande mmoja."

Darasa zima likasema aaa! Nungunungu akanyang'anya kitabu, akasoma swali kwa sauti, akalisoma tena, na kadiri alivyosoma miiba ilikuwa inalala, mmoja mmoja, kama nyasi upepo unapotulia. Miaka yote aliwachapa watoto kwa kutojua hesabu, kumbe hesabu walikuwa wanaijua. Walichokuwa hawakijui ni mbuzi yuko wapi. Hakusema hivyo, bila shaka. Mwalimu gani anasema hivyo? Alisema, "Haya, ukurasa unaofuata. Someni kwa sauti, mimi nimesahau miwani."

Na Kiboko? Kiboko alipita madirishani kila siku.

"Mgeni yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mkuu!"

"Basi someni!"

Ti! ti! ti! akaenda zake. Lakini njia ya kwenda ofisini ilipita stoo. Siku ya kwanza alipita tu. Siku ya pili alisimama akanusa. Siku ya tatu alijiambia kwamba mwenyeji mwema huonja chakula kabla ya mgeni, isije ikawa kimeharibika. Kacha! Mwaa! Taya likafunguka, tikiti likaingia zima, pwachu! Halikuwa limeharibika. Lakini moja si kipimo. Pwachu! Na la tatu lilikuwa dogo, halihesabiki. Pwachu!

Kesho yake:

"Mgeni yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mkuu!"

"Basi someni!"

Kacha! Pwachu! Pwachu!

Kisha, akishashiba, Kiboko alirudi ofisini kwake. Sasa hapa niwieni radhi wenye mioyo myepesi, lakini ngano ni ngano. Mnajua desturi ya kiboko akienda haja. Hatafuti kichaka. Alisimama palepale nje ya ofisi, kichwa amekielekeza ukutani isionekane anawaza nini, na mkia nyuma ukafanya kazi yake: fya! fya! fya! kushoto na kulia, kama mtu anayerusha mbegu shambani.

Kama mtu anayerusha mbegu shambani. Nimesema, nikapita. Mvua zikaanza.

Wiki zikaenda. Pimbi alisoma Biolojia, alisoma Jiografia, alisoma Kemia hadi akaanza kuutazama moshi wa jikoni kwa heshima. Kila jioni alipanda mwambani kumtazama Kobe. Ko... ko... ko... Siku nyingine Kobe alikuwa amelala. Siku nyingine alikuwa amerudi nyuma kidogo kuchukua kofia. Pimbi hakumharakisha. Lakini mtihani ulikuwa unakaribia kwa mwendo wake, na mwendo wa mtihani si wa kobe.

Ikafika siku Kiboko akaingia darasani, uso umemvimba. Watoto walikuwa wamezidi. Hawakuwa wakijifanya tena. Walikuwa wanauliza maswali. Digidigi, Digidigi yule yule, alimwuliza mwalimu wa Historia, "Mbona kitabu kinasema vingine?" Na Kiboko alikuwa ameona jambo lingine baya: kama hawa watafaulu, miwa atapalilia nani?

"Mgeni haji," alisema. "Vitabu virudishwe."

 Pimbi alisimama, mikono nyuma, sauti ya upole kama ya bi harusi.

"Sawa, Mkuu. Tuvibebe sasa hivi tuvirudishe stoo?"

"Sasa hivi!"

"Basi utufungulie, tupange matikiti upande mmoja, vitabu upande wa pili."

Kiboko akaugusa ufunguo shingoni.

"Stoo," alisema, "imejaa."

"Tunaweza kuyasogeza, Mkuu."

"Imejaa sana!"

"Hata nafasi kidogo..."

"Nimesema imejaa! Hakuna kufungua! Bakini na hivyo vitabu! Someni!"

Ti! ti! ti! akaondoka, na kwa mara ya kwanza hakumalizia kwa guu la mtu.

Ngiri akainama sikioni kwa Pimbi. "Dada, stoo kuna nini?"

"Kuna kufuli," alisema Pimbi, akafungua ukurasa.

Mpo?

— Tupo!

Kobe akafika. Ilikuwa asubuhi, siku chache kabla ya mtihani. Aliingia getini, ko... ko... ko..., na hadi amefika katikati ya uwanja, shule nzima ilikuwa imepangwa mistari, kwaya imeimba, na wazazi wameketi. Kiboko alimpokea kwa kuinama, jasho linamtiririka.

"Karibu sana, Mheshimiwa! Tunasoma! Kama unavyoona, tunasoma masomo yote!"

"Vizuri," alisema Kobe. "Kuna maji?"

"Maji! Wageni wetu hatuwapi maji, Mheshimiwa, wazazi wamekuletea matikiti!" Ndivyo alivyosema, kwa mazoea, kabla hajakumbuka. Wazazi wakapiga makofi. Maneno yakitoka hayarudi. Shule nzima ikamfuata hadi stoo, mama wa ng'ambo ya mlima mbele kabisa, na Kiboko akatoa ufunguo. Kacha.

Ndani palikuwa na kipande cha ganda. Na nzi mmoja.

"Wii!" walisema wazazi. "Matikiti yetu!"

Kiboko aligeuka haraka kuliko mlivyodhani kiboko anaweza kugeuka. Akatazama juu, akaona kitundu cha hewa ukutani, kidogo, cha kupita kanyama kadogo. Akatazama chini, akaona kanyama kadogo.

"Pimbi!" alinguruma. "Mwizi! Nani mwingine anapita tundu lile? Nimelea nyoka! Nakufuta kwenye mtihani! Leo hii, sasa hivi, mleteeni jembe!"

Jembe likaletwa. Lilikuwa refu kuliko Pimbi. Kule kwenye miwa, kaka zake waliacha kulima, wakasimama wakitazama.

Pimbi akalipokea jembe kwa mikono miwili, kwa adabu, akaliegemeza ukutani.

"Nimesikia, Mkuu. Lakini kwanza nikupongeze kwa bustani."

"Bustani gani?"

"Ile ya nje ya ofisi yako."

Watu wakageuka. Ni kweli, wote walipita pale kila siku, na nani anayetazama chini mbele ya ofisi ya mkuu? Sasa wakatazama. Mitikiti! Imetambaa, imepandana, imetoa maua ya njano, na huku na kule vitikiti vichanga kama ngumi ya mtoto. Bondeni, ambako tikiti halikuwahi kuota.

"Aha," alisema Kiboko, kifua kikatanuka. "Hiyo? Hiyo ni mradi wangu. Nimepanda mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Mbegu ulipata wapi, Mkuu?" aliuliza mama wa ng'ambo ya mlima. "Maana sisi tulileta matikiti mazima tu, na yote uliyafungia humo."

Kifua kikapungua. "Sikupanda. Nimekosea kusema. Zimeletwa na maji ya mvua."

"Maji hayapandi kilima, Mkuu," darasa likaitikia kwa pamoja, kama kiitikio cha wimbo. "Jiografia, ukurasa wa kwanza." Na ofisi ilikuwa kilimani, maana Kiboko alitaka kuwaona wote kutoka juu.

"Basi ndege! Ndege wameangusha!"

Korongo akashusha mguu wake. Watu walishangaa kuona anao wa pili. "Mimi ninakula vyura, Mkuu," alisema kwa ubaridi. "Na ndege wengine hapa hawana koo la kumeza tikiti."

"Ni Pimbi! Amekula, akaja kunichafulia mlangoni!"

"Ngiri," alisema Pimbi, "soma."

Ngiri alikuwa tayari amefungua. Si katikati, mahali penyewe hasa. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "'Mbegu nyingi za matunda zikimezwa hazisagwi tumboni. Hutoka pamoja na kinyesi, zikakuta mbolea, zikipata mvua huota.'"

"Endelea chini."

"'Namna za wanyama kwenda haja hutofautiana. Pimbi huenda mahali pamoja tu, wao na jamaa zao wote, mwambani, mwaka hadi mwaka.'" Ngiri akainua macho. "Hii kweli, nimewahi kupita kwao." Akarudi kitabuni. "'Kiboko husimama, hutikisa mkia, na hutawanya.'"

Mtu mmoja nyuma alifanya fff, akajiziba mdomo.

"Maneno ya kitabu tu!" alisema Kiboko. "Mahali popote mtu anaweza kutawanya!"

Hapo ndipo Nungunungu alipojipenyeza mbele, miiba imelala chali, kitabu cha Hesabu kifuani, uso wa mtu aliyengoja siku hii maisha yake yote. "Samahani, Mkuu. Mitikiti hii haikuota ovyo ovyo. Tazameni umbo lake. Imeanzia ukutani, ikazunguka, ikarudi ukutani. Watoto, hili ni umbo gani?"

"Nusu duara!"

"Na katikati yake, hapa ukutani, alisimama nani?"

"Mbuzi!" alisema Ngiri.

"Si mbuzi, Ngiri."

"Najua, Mwalimu. Naogopa kusema."

Wote walimtazama Kiboko, na Kiboko alitazama mkia wake mwenyewe, kidogo tu, kwa pembe ya jicho. Kobe, ambaye wakati huu wote alikuwa bado anageuza kichwa kutoka mlango wa stoo kuelekea bustani, alimaliza kugeuka.

"Mimi nilikuwa napita tu," alisema. "Naenda kwa mjukuu."

"Wewe si mkaguzi?" aliuliza Kiboko.

"Mkaguzi wa nini? Mimi ni Kobe. Niliomba maji."

Kiboko akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama ukurasa wake.

Tumbo la Kiboko likanguruma, grrrum, likasikika hadi kwenye miwa. Alikaa chini. Alikalia tikiti changa, pwachu, hakusimama. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka juu ya majani, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kushiba.

"Ni mimi," alisema. "Nilikula mimi. Nilianza na moja la kuonja. Nikala yote, peke yangu, na mbegu zake." Akavitazama vitabu mikononi mwa watoto, vimechakaa pembe, vimekunjwa kurasa, vina alama za vidole vya uji. "Na vitabu hivyo sijawahi kufungua hata kimoja. Ningefungua hicho cha Biolojia, ningetema mbegu."

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ufunguo nauacha hapa chini, atakaye auokote, asiyetaka asiukanyage.

— Tumeuokota!

Na funzo? Najua mnalingoja, bila funzo hamuondoki. Funzo ni hili: vitabu vifungieni stoo, vitachafuka. Kusoma mwachieni mwalimu wa Kiswahili, Ijumaa mchana. Na mkubwa akikosa kusoma, msimsimange. Mleteeni tikiti, na mmkumbushe kutema.